Siku ya Kwanza Mkekani: Habari za Mtoto na Mashindano ya Judo

Ndugu wanafunzi wa zamani, pamoja nanyi vijana mnaoyakalia hivi leo madawati tuliyoyakalia sisi,

Kila tukutanapo mazungumzo hayakosi kugusa michezo. Mmoja atakumbusha mpira wa mabweni, mwingine mbio za nyika, na yule aliyepigwa mwereka mbele ya bweni zima hujifanya amesahau. Kandanda na riadha zimekwisha kupata sifa zao za kutosha katika kurasa hizi. Leo naomba nafasi nieleze habari za mchezo mwingine, ambao vijana wengi wanaupenda lakini wachache wanaijua historia yake. Mchezo huo ni judo, pamoja na jamaa yake karate.

Wala sikusudii kueleza habari za mabingwa peke yao. Nataka hasa kumweleza yule mtoto anayesimama mkekani kwa mara ya kwanza maishani mwake, jina lake likiitwa mbele ya watu, naye hajui kama atasimama au ataanguka. Maana historia ya judo, ukiichunguza vyema, ni historia ya swali moja: mtoto huyo amewekwa pale kwa faida ya nani? Swali hili limejibiwa kwa namna mbalimbali katika muda wa zaidi ya miaka 140, na majibu mengine yaligharimu roho za watoto.

KIJANA MNYONGE WA BWENI

Jigoro Kano alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na mji wa Kobe, nchini Japani. Upande wa mama yake walikuwa watengenezaji mashuhuri wa pombe ya mchele, na baba yake alifanya kazi serikalini. Mama alipofariki, baba alimchukua mwanawe mpaka Tokyo ili asome. Huko akatiwa katika shule ya bweni iliyofundisha kwa Kiingereza na Kijerumani, chini ya walimu wageni. Kichwani Kano alikuwa hodari kupita wengi, bali mwilini alikuwa mdogo na dhaifu. Hata alipokuwa mtu mzima kimo chake hakikuzidi sentimita 160. Basi wakubwa wa bweni wakamfanya kama wakubwa wa bweni wafanyavyo. Msomaji aliyepata kulala bweni hahitaji kuelezwa zaidi.

Kano alikuwa amesikia kwamba iko sanaa ya zamani iitwayo jujutsu, ambayo kwayo mtu mdogo aweza kumwangusha mkubwa. Akatamani sana kujifunza. Lakini zama zilikuwa zimegeuka. Tangu mwaka 1868 Japani ilikuwa na serikali mpya iliyotaka mambo mapya, reli na viwanda na elimu ya Ulaya. Mwaka 1876 askari wa jadi, yaani samurai, walikatazwa hata kuvaa panga zao hadharani. Jujutsu ikahesabiwa kuwa kitu cha kale kisicho na maana, na mabwana wengi wa sanaa hiyo wakawa wanapata riziki kwa kuunga mifupa iliyovunjika. Kano aliwaomba watu waliozoea kufika nyumbani kwa baba yake wamfundishe, wakakataa. Baba mwenyewe alisema kitu hicho hakina faida tena.

Mwaka 1877 Kano aliingia chuo kikuu, na hapo akaamua kujitafutia mwenyewe. Akili aliyoitumia inafaa kusifiwa: alikwenda kwa waunga mifupa, mmoja baada ya mwingine, akiuliza ni nani kati yao aliyepata kufundisha jujutsu. Hatimaye alielekezwa kwa Hachinosuke Fukuda, mzee aliyekuwa na chumba kidogo cha mazoezi. Mafunzo ya Fukuda hayakuwa na maneno mengi. Kijana alipouliza mbinu fulani inafanywaje, mzee alimbwaga. Alipouliza tena, alibwagwa tena. Kano alitembea na bendeji na harufu ya dawa ya kuchua, hata wenzake chuoni wakamfanyia dhihaka.

Katika chumba hicho alikuwamo mwanafunzi mmoja, Kenkichi Fukushima, mtu mkubwa na mzito. Kila Kano alipopambana naye alianguka chini. Angaliweza kusema, kama wengi wasemavyo, kwamba mkubwa ni mkubwa tu. Hakusema hivyo. Alichunguza mbinu za sumo, zikashindwa. Kisha akaingia maktaba akasoma habari za mieleka ya Ulaya, na huko akakuta namna ya kuingia chini ya mtu na kumbeba mabegani kama gunia la mchele. Akaifanyia mazoezi na wenzake mpaka ikakaa mwilini. Siku alipoijaribu, Fukushima aliruka hewani akaanguka. Mbinu hiyo ingali ikifundishwa katika judo hadi leo kwa jina la kataguruma, maana yake gurudumu la mabega.

Shindano hilo halikuwa na kombe, wala medali, wala watazamaji wa kulipa, lakini nalihesabu kuwa chanzo cha mambo yote yaliyofuata. Kijana aliyeshindwa mara nyingi hakutafuta wa kumlaumu. Alitafuta sababu ya kushindwa kwake.

MIKEKA KUMI NA MIWILI

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21 tu, Kano alifungua shule yake mwenyewe katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Aliiita Kodokan. Ukumbi ulikuwa na mikeka 12 ya Kijapani, na wanafunzi wa mwaka ule wa kwanza walikuwa tisa. Walikuwa vijana wadogo; Shiro Saigo, aliyekuja kuwa maarufu kuliko wote, alikuwa na miaka 16 tu. Vishindo vyao vya kuanguka vilitikisa jengo, vibao vya kumbukumbu ya marehemu vikadondoka kutoka mahali pake, na makasisi wakalalamika. Mbao za sakafu zilipovunjika, Kano alishuka chini usiku na taa kuzitengeneza.

Alichokifundisha hakukiita jujutsu. Alikiita judo. Tofauti ya majina ni ndogo masikioni, lakini maana yake ni kubwa: jutsu ni ufundi, do ni njia. Ufundi mtu huutumia ukamfaa au usimfae. Njia mtu huifuata, nayo humfikisha mahali.

Mabadiliko yake makubwa yalikuwa matatu, na kila mtoto anayeingia mkekani leo anayakuta.

La kwanza ni kuanguka. Kabla ya kufundishwa kumwangusha mwenzake, mwanafunzi hufundishwa kuanguka yeye mwenyewe: akunje shingo, akitie kidevu kifuani, apige mkeka kwa mkono wake ili kishindo kisimwingie mwilini. Wajapani huita ukemi. Fikirini, wasomaji, ni mchezo gani mwingine ambao somo la kwanza ni namna ya kushindwa bila kuumia.

La pili, Kano alizigawa mbinu. Zile za kuua na kuvunja viungo aliziondoa katika mchezo huru, akazihifadhi katika mazoezi ya kupangwa yanayofanywa polepole kwa makubaliano. Zilizobaki, yaani kubwaga, kupiga ngwala, kukamata chini na zile za kukaba zinazoweza kuachiwa kwa wakati, ziliruhusiwa kuchezwa kwa nguvu zote. Kwa njia hiyo watu wawili waliweza kupambana kwa kweli leo, na kesho wakarudi wote wawili wazima.

La tatu ni shindano lenyewe kuwa sehemu ya masomo. Mwaka 1883 Kano alitoa daraja za kwanza kwa wanafunzi wawili, Tsunejiro Tomita na huyo Saigo. Tangu mwaka 1884 Kodokan ikawa na mashindano ya kila mwezi, na mengine makubwa zaidi yaliyoitwa ya wekundu na weupe. Wanafunzi hupangwa katika safu mbili. Wanaoanza ni wa daraja la chini kabisa, na wakubwa hungoja nyuma. Anayeshinda hubaki mkekani kumkabili anayefuata, mpaka ashindwe au atoke sare. Kwa hiyo hata mshindi wa watu watano humaliza siku yake kwa kuanguka au kwa sare, na hakuna anayemcheka. Mashindano hayo yangali yakifanyika.

Kano hakuwa mpiganaji tu. Alikuwa mwalimu kwa kazi yake, na kwa zaidi ya miaka 20, kwa vipindi mbalimbali, aliongoza chuo kikuu cha walimu cha Tokyo cha wakati ule. Mwaka 1909 akawa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, wa kwanza kutoka Asia. Mafundisho yake aliyafupisha katika shabaha mbili: kuitumia nguvu yako kwa namna iliyo bora, na kustawi pamoja, wewe na mwenzako. Kwa maneno mengine, yule unayembwaga ni mshirika wako. Bila yeye kukubali kushikana nawe, wewe hujifunzi neno.

MTOTO AKAFANYWA ASKARI

Lakini chombo chema kikiingia katika mikono mingine huweza kugeuzwa. Mwaka 1911 serikali ya Japani iliruhusu judo kufundishwa katika shule za kati kama somo la hiari. Mwaka 1931 ikawa lazima kwa wavulana. Hizo zilikuwa zama za majeshi kuikalia Manchuria na baadaye kuipiga China. Mkeka wa shule ukaanza kutazamwa kama uwanja wa kuandaa askari, na utii na kutoogopa kifo vikawekwa mbele ya elimu. Kano alifariki mwezi wa Mei 1938 akiwa melini, akirejea kutoka mkutano wa Olimpiki uliofanyika Cairo. Hakuyaona maangamizi yaliyofuata.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, majeshi ya washindi yaliyoikalia Japani yalipiga marufuku michezo ya kijeshi mashuleni, judo ikiwamo. Miaka mitano ikapita. Judo iliruhusiwa kurudi mashuleni mwaka 1950, kwa sharti kwamba iwe mchezo wa elimu na siyo mafunzo ya vita. Twaona basi kwamba swali lile la mwanzo lilikuwa limejibiwa vibaya: mtoto aliwekwa mkekani kwa faida ya jeshi.

MIKANDA, KILO NA WAGENI

Wakati huohuo judo ilikuwa imevuka bahari. Mwaka 1918 Gunji Koizumi alianzisha klabu ya Budokwai mjini London. Mwaka 1935 Mikinosuke Kawaishi alifika Paris. Walimu wa Ulaya waliona kwamba wanafunzi wao walikata tamaa haraka, kwa kuwa huko Japani mtu alivaa mkanda mweupe kwa muda mrefu pasipo kuona dalili ya maendeleo. Ndipo ikaenea desturi ya mikanda ya rangi: njano, machungwa, kijani, buluu, kahawia, halafu mweusi. Kwa hiyo ile mikanda ambayo watoto huililia, wengi wakidhani imetoka kwa masamurai wa kale, kwa kweli ni dawa ya kutokuwa na subira iliyotungwa Ulaya katika karne ya 20.

Uzito nao una habari yake. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Tokyo mwaka 1956 bila kugawa watu kwa kilo. Imani ilikuwa kwamba mdogo mwenye ufundi atamshinda mkubwa. Mwaka 1961 Anton Geesink, Mholanzi mwenye urefu wa karibu mita mbili, aliutwaa ubingwa wa dunia mjini Paris. Judo ilipoingia katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, uzito uligawanywa, lakini likaachwa shindano moja la watu wa kilo zozote. Tarehe 23 Oktoba Geesink alikutana na Akio Kaminaga katika ukumbi wa Budokan, Japani nzima ikitazama. Baada ya dakika tisa na zaidi Geesink alimkamata Kaminaga chini, na muda ukaisha hajanasuka. Waholanzi kwa furaha wakataka kuruka mkekani. Geesink, akiwa bado sakafuni, aliinua mkono kuwazuia. Kisha alisimama, akatengeneza mavazi yake, akainamiana na mwenziwe kwa heshima. Wajapani waliolia siku ile kwa kushindwa walimheshimu maisha yake yote kwa mkono ule mmoja.

Wasichana nao walingoja mno. Mwaka 1959 Rena Kanokogi wa New York, aliyejulikana kwa jina la Rusty, alijifunga kifua akaingia katika mashindano ya wanaume ya timu, akashinda. Alipoulizwa kama ni mwanamke akasema kweli, na medali ikachukuliwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1980 aliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake mjini New York, na mwaka 1992 wanawake wakapigania medali za judo katika Olimpiki ya Barcelona.

MZEE ALIYEKATAA MASHINDANO

Karate ilipita njia nyingine. Asili yake ni visiwa vya Okinawa. Mwalimu Anko Itosu ndiye aliyeipeleka mashuleni huko mwanzoni mwa karne ya 20, akatunga mazoezi mepesi ya kupangwa kwa ajili ya watoto. Mwanafunzi wake, Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule ya msingi kwa kazi yake, aliipeleka Tokyo mwaka 1922, na Kano mwenyewe akamkaribisha aionyeshe Kodokan. Funakoshi alichukua kutoka judo mavazi meupe na mikanda, lakini mashindano aliyakataa. Kwake yeye, ngumi iliyotengenezwa kwa miaka haikuwa kitu cha kujaribiwa juu ya mwili wa mtu ili kupata pointi. Alifariki mwezi wa Aprili 1957. Mwaka huohuo, kabla haujaisha, ubingwa wa kwanza wa Chama cha Karate cha Japani ulifanyika. Vijana walikuwa wamechoka kungoja.

Sisemi mzee alikuwa na haki katika kila jambo. Kijana asiyepata kupimwa hajui alipo, na ufundi usiojaribiwa huota kutu. Lakini hofu yake ilikuwa na msingi, kama tutakavyoona.

KWETU

Katika nchi zetu mieleka ya watoto si jambo geni. Pwani watoto wameshikana mchangani tangu zamani, na mchezo wa fimbo wa kirumbizi una ngoma yake na adabu yake: kuna wa kupiga, kuna wa kukinga, kuna wazee wa kutuliza. Lakini michezo ya mashariki ya mbali iliingia mioyoni mwa vijana hasa kupitia sinema. Bruce Lee alifariki mwezi wa Julai 1973, na filamu yake kubwa, Enter the Dragon, ilitoka mwaka huohuo. Filamu hizo zilipofika katika majumba yetu ya sinema, hapakuwa na bweni ambalo mlango wake haukupigwa teke. Vilabu vya karate vikaota mijini. Judo ilikuja kwa utulivu zaidi. Kule Unguja ilishika mizizi katika miaka ya 1990, na mwaka 2016 Tanzania ilikuwa na mcheza judo katika Olimpiki ya Rio de Janeiro.

Sinema ilitupa hamu, lakini ilituficha jambo moja. Katika sinema shujaa huanguka mara moja, akapangusa damu, akainuka kushinda. Mkekani mtoto huanguka mara mia kabla ya kumwangusha mtu mara moja.

MASHINDANO YALIYOFUTWA

Sasa niwarudishe Japani, maana ndiko lililotokea jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kati ya mwaka 1983 na 2011 watoto 118 wa shule walikufa Japani kutokana na ajali za judo shuleni. Hesabu hiyo haikukusanywa na vyama vya judo. Ilikusanywa na mtafiti mmoja wa chuo kikuu, Ryo Uchida, kwa kupitia kumbukumbu za fidia za shule. Wengi walikufa kwa kuumia kichwa, na wengi walikuwa wapya, wa mwaka wa kwanza, ambao hawajajua bado kuanguka. Walibwagwa na wakubwa, tena na tena, hata walipokwisha choka, na mara nyingine mbele ya walimu walioona kwamba huko ndiko kukomaza. Yaani somo la kwanza la Kano, lile la kuanguka, lilirukwa. Habari hizo zilipotangazwa, wazazi wakapiga kelele, hasa kwa sababu michezo ya kijeshi ilifanywa kuwa lazima katika shule za kati mwaka 2012. Maagizo mapya ya usalama yakatolewa, na vifo vikapungua sana. Ufaransa, nchi yenye wacheza judo wengi sana, ilikuwa imetunga sheria tangu mwaka 1955 kwamba hakuna mtu wa kufundisha judo kwa malipo bila cheti cha serikali.

Kisha likaja la pili. Tangu mwaka 2004 kulikuwa na mashindano ya taifa kwa watoto wa darasa la tano na la sita, yaliyogawanywa kwa uzito. Mwezi wa Machi 2022 Shirikisho la Judo la Japani, chini ya Yasuhiro Yamashita, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1984, lilitangaza kuyafuta. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja: tamaa ya kushinda kwa kila hali. Watoto wa miaka kumi na kumi na moja walikuwa wakinyimwa chakula ili wapungue kilo. Walimu waliwafokea watoto walioshindwa, na wazazi waliwazomea waamuzi. Mashindano madogo ya mikoani yaliachwa. Uliofutwa ni ubingwa wa taifa wa mtoto mmoja mmoja.

Wako waliopinga, na hoja yao ina uzito. Walisema: watoto wana kosa gani? Mbona wanaadhibiwa wao kwa ujinga wa wakubwa? Ukimwondolea mtoto shindano, umemwondolea pia siku ya kujipima. Nakubali. Lakini fikirini, nchi iliyozaa mchezo huu, yenye medali nyingi kuliko nchi yoyote, ilikuwa tayari kufuta ubingwa wa watoto wake kuliko kuendelea kuuona mkeka wa Kano umegeuka mahali pa kumtoa mtoto machozi kwa ajili ya sifa za mzazi. Hilo si jambo dogo. Mwaka 1931 mtoto aliwekwa mkekani kwa faida ya jeshi. Miaka tisini baadaye alikuwa amewekwa pale kwa faida ya baba na mwalimu.

SIKU YENYEWE

Tumwendee sasa mtoto mwenyewe. Asubuhi anapimwa uzito. Anavaa suti yake nyeupe, ambayo mikono na miguu yake ilirefushwa siku za Kano, mwanzoni mwa karne ya 20, ili viwiko na magoti visichubuke. Anakaa pembeni akingoja, na huko kungoja ndiko kugumu kuliko yote. Tumbo linamkoroga, mikono baridi, kila mpinzani anaonekana mrefu. Jina linaitwa. Anapanda mkekani, anainama. Mwenzake naye anainama, na lau angemtazama usoni angemwona naye anatetemeka. Mwamuzi anasema hajime, maana yake anzeni. Hapo kila alichofundishwa kinamtoka kichwani. Wanashikana, wanasukumana, na kabla hajajua ni nini, dari imekuwa mbele ya macho yake. Mkono wake umepiga mkeka wenyewe, bila yeye kuuamuru. Ippon. Kwisha. Anainuka, anarekebisha mkanda, anainama tena.

Mara nyingi shindano la kwanza la mtoto huwa hivyo, halifiki dakika moja. Je, ameambulia nini? Watu wa kilo na pointi watasema hakuambulia kitu. Mimi nasema ameambulia vitatu. Ameanguka mbele ya watu na hakuvunjika. Ameogopa, na woga haukumzuia kupanda mkekani. Tena amemwinamia aliyemshinda, jambo ambalo watu wazima wengi, katika siasa na biashara na hata katika vyama vyetu, hawajaliweza. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mkeka humfundisha mtoto maneno hayo kwa mwili wake wote.

Lakini faida hizo tatu zamtegemea mtu mwingine: yule atakayemlaki akishuka. Akilakiwa na swali, "Kwa nini umeniaibisha?", zote tatu zimepotea. Akilakiwa na swali, "Uliona alivyokuingia?", basi anaanza pale pale alipoanzia Kano, siku alipoacha kumlaumu Fukushima kwa ukubwa wake akaenda maktaba.

NENO KWA SISI WAKUBWA, NA KWENU VIJANA

Ndugu wanafunzi wa zamani, sisi ndio tunaochangia vikombe, tunaokaa viti vya mbele siku ya michezo, na aghalabu sauti zetu ndizo kubwa kuliko zote. Yatupasa kujiuliza tunawapigia makofi watoto au tunajipigia wenyewe. Pendekezo langu ni dogo. Tunapotoa zawadi kwa mchezo wowote wa shule, judo au kandanda au mbio, pamoja na kikombe cha mshindi iwepo zawadi ya mwanafunzi mpya aliyeshiriki kwa mara ya kwanza na kumaliza kwa adabu. Gharama yake haifiki hata bei ya chakula chetu cha jioni. Na klabu yoyote ya mapigano ikiombewa nafasi shuleni, tusiulize kwanza ina medali ngapi. Tuulize mwalimu wake ana cheti gani, mikeka yake ni ya namna gani, na watoto wapya hufundishwa kuanguka kwa muda gani kabla ya kubwagwa. Samaki mkunje angali mbichi, lakini hakuna aliyesema avunjwe.

Nanyi vijana, msione haya kuwa wadogo. Mwasisi wa mchezo huu alikuwa mdogo kuliko wengi wenu, na alionewa bwenini kama baadhi yenu mnavyoonewa usiku huu. Na wewe uliye kiranja, au mkubwa wa bweni, kumbuka kwamba majina ya wale waliomwonea Kano hayakuandikwa popote. Ukiwa na nguvu kuliko mwenzako, mfundishe kuanguka kwanza. Ukishinda, kumbuka mkono wa Geesink. Ukishindwa, inama, rekebisha mkanda, kisha nenda ukatafute sababu.